GESI AU STIMA? TUHESABU MOTO, TUSIHESABU MTUNGI



Katika mkutano uliopita wa tawi letu palikuwa na ugomvi, na ugomvi wenyewe haukuwa juu ya mshahara wala juu ya saa za ziada. Ulikuwa juu ya moto. Ushirika wetu wa akiba umekubali kumpa kila mwanachama mkopo wa 12,000/- anunue vyombo vya moto kwa nyumba yake, na deni likatwe 1,000/- kila mwezi katika mshahara mpaka liishe. Hilo ni jambo jema na tunaishukuru kamati. Lakini tulipoulizwa ni vyombo gani vinunuliwe, mkutano ukapasuka vipande viwili. Hawa wakapiga kelele, "Stima!" Wale wakajibu, "Gesi!" Ndugu mmoja akasema mtungi wa gesi ni bomu kitandani. Mwingine akajibu ya kwamba tokeni ni mwizi asiyeonekana. Mwenyekiti akafunga mkutano, na kura itapigwa mkutano ujao.

Sisi wa Gusii, Kisii na Nyamira, hatukusema neno siku ile. Tumeona yafaa tuseme sasa kwa kalamu, kwa sababu kwetu ni baridi, na mambo ya moto tumeyaonja katika mfuko wetu wenyewe. Tena tunasema mapema: pande zote mbili zilikosea, kwa kuwa walihesabu bei ya mtungi na bei ya tokeni, wala hakuna aliyehesabu moto.

HALI YA KWETU

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini kwetu Gusii haikupanda mpaka leo. Mtu wa reli anayetoka kwetu hushuka Kisumu, akashika gari kupitia Ahero, Sondu na Oyugis, ndipo aone migomba ya kwao. Kwa hiyo sisi tuna nyumba mbili. Iko nyumba ya kazini, chumba cha kupanga ambacho mita yake ni ya mwenye nyumba, na iko nyumba ya nyumbani alipo mama, mke na watoto. Moto wa nyumba zote mbili hutoka katika mshahara mmoja.

Wasiojua Gusii wafahamu ya kwamba mji wa Kisii uko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu za juu za Nyamira zapita mita 2,000. Mwezi wa Juni mpaka Agosti, jioni, mtu huzungumza huku ameficha mikono kwapani. Zamani nyumba ilikuwa ya udongo na nyasi, na moto ulikaa katikati juu ya mafiga matatu. Moto ule ulipika, ukapasha nyumba, ukakausha mahindi darini, na ukaita watu kuzungumza. Moto mmoja, kazi nne. Leo nyumba ni ya mabati, jiko liko nje kwenye kibanda, na ndani ni baridi kama behewa la bidhaa usiku wa Timboroa.

Na kuni nazo zimekuwa adimu. Mashamba yetu yamegawanywa mpaka mengine ni vipande vidogo sana. Mikaratusi iliyobaki ina wanunuzi wengi, maana viwanda vya majani chai vya kwetu navyo huchemsha maboila yao kwa kuni. Tangu Februari 2018 mpaka Julai 2023 Serikali ilipiga marufuku kukata miti katika misitu yake, na bei ya makaa nchini ikapanda. Mafuta ya taa nayo yalitiwa tozo ya 18/- kwa lita mwaka 2018. Basi mtu mwenye mshahara akageuka kutazama gesi na stima.

KOSA LETU WENYEWE

Kabla ya kufundisha wengine, yafaa tukiri kosa letu.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tulipewa likizo tukaenda nyumbani. Tulimkuta mama yetu mzazi amejikunja karibu na jiko la makaa, na jiko lenyewe lilikuwa ndani ya chumba cha kulala, mlango umefungwa. Tulishtuka sana. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi. Mtu husinzia, akadhani ni usingizi mtamu, na asubuhi haamki. Tulitoa jiko nje usiku ule ule.

Asubuhi tukaenda sokoni Keroka kwa haraka ya mtu mwenye huruma na mshahara mpya. Tukanunua hita ya stima ya chumbani. Chini yake imeandikwa wati 2,000, nasi hatukusoma. Tulimwambia, "Mama, sasa baridi imekwisha." Tukaweka tokeni ya 1,000/-, tukarudi kazini tukifurahi.

Siku ya sita simu ikalia. "Mwanangu, stima yako imekufa, na taa pia."

Tulidhani ni mita mbovu. Tukakasirika, tukataka kwenda kugombana na watu wa stima. Fundi mmoja wa karakana yetu, mtu wa maneno machache, akatuuliza, "Hita ni wati ngapi, na huwaka saa ngapi?" Tukamjibu: wati 2,000, saa tatu kila jioni. Akachukua chaki akaandika juu ya chuma: wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja. Wati 2,000 kwa saa tatu ni uniti 6. Uniti 6 mara siku sita ni 36. Nayo tokeni ya 1,000/- ilikuwa imeleta uniti 37. Mita ilikuwa nzima. Akili yetu ndiyo iliyokuwa mbovu.

Mama alitupa neno jingine tuliporudi. Alisema, "Tena moto wako ule hauiti mtu. Mimi nilikaa nao peke yangu kama mgonjwa."

HESABU YA MOTO

Tangu siku ile tumejifunza kuhesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Mtu aliyesoma mpaka darasa la saba aweza kuifanya kwa penseli.

Kwanza, bei ya stima. Usiulize jirani bei ya uniti. Tazama ujumbe wa tokeni katika simu yako, chukua fedha ulizolipa, gawanya kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako ya kweli, kwa sababu juu ya bei ya stima wamepanga tozo la mafuta, la fedha za kigeni, la stima vijijini, na kodi ya VAT. Tozo hizi nyingine hubadilika mwezi hata mwezi. Yetu ilitoka yapata 27/- kwa uniti, na tutatumia 27/- katika hesabu hii.

Pili, bei ya gesi. Mtungi wa kilo 13 tulijaza kwa 3,250/-. Hiyo ni 250/- kwa kilo. Sasa, kilo moja ya gesi ina joto sawa na uniti 12.8 hivi za stima. Gawanya 250 kwa 12.8, utapata 19/50. Ndugu wa upande wa gesi watashangilia hapa: stima 27/-, gesi 19/50, kesi imekwisha!

Polepole. Mtu wa reli anajua ya kwamba fueli iliyoingia tangini si kazi iliyofanyika kwenye gurudumu. Garratt wale wakubwa wa darasa la 59, waliotengenezwa Uingereza miaka ya 1955 na 1956, walikunywa mafuta mengi, na joto kubwa likatoka kwa bomba la moshi likapasha hewa ya mbuga. Dizeli zilipokuja, mafuta kidogo yalivuta mzigo ule ule. Hivyo hivyo jikoni. Moto wa gesi hulamba kando za sufuria ukapotea. Karibu nusu tu, au zaidi kidogo kama ni jiko zuri, huingia katika chakula. Kwa hiyo joto la uniti moja lililoingia kweli katika sufuria kwa gesi lagharimu 39/-.

Stima nayo si malaika. Jiko la koili hupoteza karibu sehemu tatu katika kumi, kwa hiyo 27/- yawa 38/50. Lakini birika la stima, ambalo chuma chake kimezama ndani ya maji, hupoteza sehemu moja tu katika kumi. Hapo yawa 30/-.

Tazameni basi. Gesi 39/-, koili 38/50. Huu ndio ugomvi uliovunja mkutano! Nusu shilingi!

Na makaa? Tulipima mkebe wa 100/- ukatoa kilo moja na nusu. Kilo moja ya makaa ina joto la uniti 8, lakini jiko la kawaida hutia robo tu katika sufuria. Ukipiga hesabu utapata kama 33/-. Kwa hiyo anayenunua makaa kwa mkebe, akidhani ndiye maskini mwenye busara, analipa karibu sawa na mwenye gesi, na moshi anapewa bure.

KILA KAZI NA MOTO WAKE

Sasa tuache bei moja ya jumla. Nyumbani mwetu moto una kazi tatu, na kila kazi ina jibu lake.

1. Kupasha chumba. Hita ya stima ya mama ilikula uniti 6 kwa jioni, yaani 162/-, na kwa mwezi 4,860/-. Hita ya gesi hapa haipotezi joto kama jiko, kwa kuwa joto lote labaki chumbani. Joto lile lile lingemaliza karibu nusu kilo ya gesi, yapata 117/- kwa jioni, na 3,510/- kwa mwezi. Gesi yashinda stima. Lakini hita ya gesi hula hewa ya chumbani kama jiko la makaa, na lazima uache dirisha wazi. Ukiacha dirisha wazi, baridi uliyoilipia itoke yarudi ndani bure. Basi jibu letu ni hili: kwa mtu wa mshahara wetu, si gesi si stima. Joto hupanda juu, likapita kwenye mabati likaenda mbinguni. Weka dari kwanza, hata kama ni ya mikeka au ya magunia yaliyoshonwa vizuri, mbali na moto. Ziba chini ya mlango. Kisha chemsha maji lita mbili kwa birika la stima, tia katika chupa ya mpira ya maji moto, funga kwa kitambaa, weka kitandani kwa mzee. Lita mbili hizo hula sehemu ya tano ya uniti, nazo ni 5/40. Mama yetu apata chupa mbili kila usiku kwa 11/- hivi, mahali pa 162/-. Hita imekaa chini ya kitanda mpaka leo, imevikwa gunia.

2. Maji ya kuoga. Mtu mmoja kwa lita kumi, kutoka ubaridi wa kwetu mpaka ujoto wa kuoga, ahitaji kidogo kuliko theluthi ya uniti iingie majini. Kwa stima yenye chuma ndani ya maji ni 9/50. Kwa gesi ni 12/30. Watu watano kwa siku, stima yaokoa 14/-, na kwa mwezi 420/-. Hapa stima yashinda. Lakini sikilizeni sana: wako waliokufa kwa kutia mkono katika ndoo kupima ujoto huku chuma kingali na stima. Zima, chomoa, ndipo uguse. Na wenye shawa ya stima ya wati 5,000 wajue ya kwamba dakika sita ni nusu uniti. Kijana aimbaye humo robo saa ameimba kwa 33/75.

3. Chakula. Hapa ndipo akina mama wafundishe na wanaume wanyamaze. Ugali wa kwetu, obokima, hutaka moto mkali na mkono wenye nguvu, na sufuria isiyoyumba. Jiko la koili hukawia, na likipata moto halisikii upesi ukitaka lipoe. Kwa ugali, chai na mayai ya haraka, gesi ni bora, tena haikawii. Lakini maharagwe, mahindi ya kuchemsha, nyama ngumu, na chinsaga ya kuchemshwa muda mrefu, hayo ni habari nyingine. Kwa sababu tuko juu, maji ya Kisii huchemka yapata digrii 94, hayafiki 100. Ndiyo maana maharagwe ya kwetu hukaa motoni kuliko ya Kisumu, na yale ya Kisumu kuliko ya Mombasa. Mpishi hana kosa, ni mlima. Sufuria ya presha hufunga mvuke, maji yapita digrii 100, na maharagwe yaiva upesi. Hii sisi wa reli tusiambiwe na mtu, ni boila ndogo yenye valvu yake ya usalama. Sufuria ya presha ya stima hupika maharagwe ya nyumba nzima kwa yapata nusu uniti, yaani 13/50. Maharagwe hayo hayo tuliyapika wazi juu ya gesi, tukapima mtungi kabla na baada, zikaenda gramu 200, yaani 50/-.

Basi nani ameshinda? Kwa chumba, blanketi na chupa. Kwa maji na maharagwe, stima. Kwa ugali na chai, gesi. Aulizaye, "Gesi au stima?" ni kama aulizaye, "Nyundo au spana?"

MITEGO ILIYO NJIANI

Hesabu yaweza kuwa nzuri kwenye karatasi na mtu akaumia, kwa hiyo tutaje mitego tunayoijua.

Mtego wa kwanza ni madaraja ya stima. Tangu Aprili 2023 wenye nyumba wamepangwa katika madaraja matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kati mpaka 100, na wanaopita 100. Daraja likipanda, bei ya uniti hupanda. Nyumba inayopika kila kitu kwa koili na kuoga kwa stima hupita 100 bila kujua, na ile 27/- yetu yawa ya zamani. Nyumba inayopika maharagwe na kuchemsha maji tu yaweza kubaki daraja la kati. Hii ni sababu kubwa ya kugawanya moto pande mbili.

Mtego wa pili ni giza. Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikosa stima usiku, na wengine wakakaa hivyo mpaka kesho yake. Huko kwetu hatungoji siku kubwa kama hiyo, mvua ya upepo ikiangusha mti mmoja juu ya waya, kijiji kizima kimelala gizani. Aliye na stima peke yake siku hiyo atakwenda kuomba kuni kwa jirani.

Mtego wa tatu ni mtungi. Sisi tunaojua mabehewa tunajua maana ya tare, uzito wa behewa tupu ulioandikwa ubavuni. Mtungi nao una tare yake, imegongwa kwenye chuma cha juu. Pima mtungi dukani mbele ya muuzaji, toa tare, ndipo ujue umenunua gesi au umenunua chuma. Mwuzaji akikataa mizani, ondoka. Tena usijaziwe mtungi kichochoroni kwa bei ya chini. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, gari la gesi lililipuka katikati ya nyumba za watu, na watu wakafa. Shilingi mia ulizookoa hazitakununulia ngozi nyingine.

Mtego wa nne ni waya. Chombo cha wati 2,000 hakitaki waya mwembamba wa kuunganisha redio. Waya ukipata moto mkononi, umekwisha kukuonya.

Mtego wa tano ni mwenye nyumba. Katika chumba kimoja tulichopanga, mita ilikuwa moja kwa wapangaji kumi na wawili, na mwenye nyumba aliuza uniti kwa bei aliyoiota usiku. Tulipoomba kuona ujumbe wa tokeni alituambia tuhame. Mtu wa chumba kama hicho asidanganywe na hesabu yetu ya 27/-, ahesabu kwa bei anayotozwa.

NENO KWA CHAMA

Ndugu, wako watakaosema haya ni mambo ya jikoni, si mambo ya chama. Tunawajibu hivi. Mwaka 2016 gesi iliondolewa kodi ya VAT. Julai 2021 ikatiwa 16%. Mwaka 2022 ikashushwa kuwa 8%. Julai 2023 ikaondolewa tena. Mtungi ni ule ule, jiko ni lile lile, mshahara haukuongezwa hata senti, lakini chai ya mtoto ilipanda bei na kushuka kwa kalamu ya Bunge. Kama hilo si jambo la chama, basi chama ni cha nini? Gesi huja kwa meli mpaka Mombasa na hununuliwa kwa dola. Stima yetu nyingi hutoka hapa nchini, kwa mvuke wa Olkaria, kwa maji na kwa upepo. Hata maji ya mto wetu wa Gucha, yakiteremka Migori, huzungusha mashine za stima pale Gogo. Hatuoni kwa nini mtu aliye karibu na maji hayo akae gizani, na aliyeunganishwa alipe tozo juu ya tozo.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ujao usipige kura ya gesi au stima. Tunaomba upige kura kwa haya:

(a) Mkopo wa 12,000/- uwe wa mwanachama kugawanya mwenyewe. Ushauri wetu ni mtungi mdogo wa kilo 6 na kichwa chake cha kupikia, na sufuria ya presha ya stima. Fedha zikibaki, birika. Asiye na stima nyumbani achukue gesi na sufuria ya presha ya kawaida ya juu ya moto, maana nayo huokoa gesi.

(b) Mkopo usinunue hita ya chumbani, ya stima wala ya gesi. Anayetaka joto la chumba akopeshwe mbao za dari.

(c) Ushirika ununue kwa pamoja kutoka kwa wauzaji wenye leseni, na uweke mizani ofisini.

(d) Katika mazungumzo ya posho ya nyumba, makatibu wetu waweke mezani gharama ya moto kwa hesabu kama hii, si kwa kilio. Tajiri hubisha kilio. Kubisha hesabu ni kazi ngumu zaidi.

(e) Tudai kila chumba cha mfanyakazi kiwe na mita yake.

Na jambo moja halingoji kura. Usiku wa leo, mwanachama yeyote mwenye mzee au mtoto nyumbani apige simu aulize, "Jiko la makaa liko wapi?" Kama liko ndani, litolewe nje kwanza, mazungumzo mengine yafuate.

Mwisho, twarudi kwa mama yetu. Likizo iliyopita tulimkuta ameketi kwenye kibanda cha jikoni na wajukuu, mafiga yake yangali pale, kuni mbili zikiwaka polepole. Gesi iko kando, sufuria ya presha iko ndani. Tulimwuliza, "Mama, si tulikuletea vyombo, mbona wawasha kuni?" Akajibu, "Maharagwe yamepikwa na stima yako. Ugali nimeupika na gesi yako. Huu ni wa mazungumzo." Tukaketi. Ni haki yake, na moto ule wa kuni mbili, mlango wazi, hatukuuhesabu.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Sisi wa Gusii tulio relini.